Zamu ya Imogen Kwenda Ghuba ya Sealers

Ukitaka kumjua Glenys Harrap wa Leongatha, mtazame mwezi wa Juni. Kwao, kusini kabisa mwa dunia, huo ni mwezi wa kipupwe: baridi inauma, mvua haikatiki, watu wenye akili zao wamejikunyata karibu na jiko la kuni, na yeye ndio kwanza anapanga Krismasi. Si kwamba ana haraka ya maisha. Hifadhi ya Wilsons Promontory, ambayo wenyeji walichoka kuitamka yote wakaikata wakaiita Prom, ina viwanja vya mahema vya kuhesabika, na wanaovitaka sikukuu ni wengi kama siafu. Kwa hiyo hupigwa kura. Unatuma jina lako mwezi huo, unasubiri. Likitoka, umepata. Lisipotoka, pole sana, kaa nyumbani na nzi wako.

Sasa jina moja kwenye kura ile ni kuku mmoja kwenye sufuria ya harusi. Ukoo wenye akili hutuma majina yote. Na kwa akina Harrap, kazi ya kuyatuma ni ya Glenys, maana aliwahi kuwaachia wanawe mwaka mmoja, na kati yao ni mmoja tu aliyekumbuka, naye akakosea mwezi. Tangu hapo hamwamini mtu. Anazo anwani zao zote za barua pepe, amezinakili kwenye karatasi iliyobandikwa ndani ya mlango wa kabati la vikombe, na kila Juni huvaa miwani, huweka chai pembeni, akaanza kuchapa kwa vidole viwili. Majina kumi na moja. Inamchukua siku nzima na biskuti pakiti moja.

Mwaka ule alifika jina la kumi na moja akasita. Gavan Pruitt. Huyu alikuwa mume wa binti yake Kerryn, na sasa hakuwa tena, karatasi za talaka zilikuwa zimeshatoka tangu mwaka uliopita. Glenys alilitazama lile jina. Akanywa chai. Akalitazama tena. Kisha akalichapa haraka haraka, kama mtu anayekula kipande cha mwisho cha keki kabla mwenye nyumba hajageuka, akafunga kompyuta.

Hakumwambia mtu.

Lazima niseme alichokuwa anakitafuta, msije mkadhani ni bibi tu mwenye uroho wa likizo. Kwao kuna desturi. Mtoto wa ukoo akitimiza miaka kumi na miwili, kiangazi hicho hutoka kambini na bibi yake, wawili tu, kila mtu na shanta lake mgongoni, wakapanda mlima, wakashuka msituni, wakavuka kijito kwa miguu na kulala Ghuba ya Sealers. Wazazi marufuku. Wanasindikiza hadi maegesho ya magari, wanageuka. Kesho yake mtoto akirudi, hukuta ukoo wamejipanga kambini wanagonga masufuria, na kuanzia siku hiyo haulizwi tena kama amepiga mswaki. Wajukuu wanane wameshakwenda. Amebaki mmoja, Imogen, binti wa Kerryn na Gavan, ambaye angetimiza kumi na miwili Oktoba. Na Glenys alikuwa na miaka sabini na mbili, goti lake la kulia lilikuwa limekwisha, na daktari ameshamwandikia kulipasua Machi. "Baada ya hapo tutaona," daktari alisema, na Glenys alimwelewa vizuri. Ni kiangazi hiki au basi.

Majibu yakaja Julai, Alhamisi moja ya upepo. Simu ikaanza kulia saa mbili asubuhi.

"Mama, nimekosa," alisema Rohan, mwanawe mkubwa, fundi bomba. "Na mke wangu kakosa. Pole."

"Usinipe pole, sijafiwa," alisema Glenys, akachora alama mbili za X kwenye orodha.

Wakapiga wote, mmoja mmoja. Hadi alasiri alama zilikuwa kumi. Kerryn ndiye aliyekuwa wa mwisho, tena alipita mwenyewe akitoka kazini, na koti likichuruzika maji.

"Ndio hivyo, Mama. Tumenyimwa wote. Si muende tu wewe na Imogen kwa gari, mkalale huko, mrudi? Saa moja na nusu tu."

"Arudi kwa nani?"

"Kwa nani vipi?"

"Wenzake wote walirudi kambini, watu wamejaa, masufuria yanalia. Yeye arudi kwa nani, kwa maegesho ya magari? Ashangiliwe na basi la watalii?"

Kerryn akacheka kidogo, akambusu mama yake utosini, akaenda zake. Glenys akabaki anaikodolea macho ile simu. Roho yake ilikuwa juu. Alikuwa amefanya kazi maabara ya kiwanda cha maziwa miaka thelathini na moja, kazi ya kuwaambia wanaume wenye mashamba makubwa, ana kwa ana, kwamba maziwa yao yana maji. Hajawahi kumwogopa mtu. Lakini kumpigia mkwe wa zamani simu kumuuliza kama amepata barua, hilo lilimshinda.

Saa kumi na moja jioni simu ikalia yenyewe. Upepo mtupu, na vyuma vikigongana huko nyuma. Gavan alikuwa kazini, kwenye mtambo wa mafuta baharini, wiki mbili huko, wiki mbili nchi kavu.

"Mama," alisema. Hakuwahi kuacha kumwita Mama, hakuna aliyemkataza. "Mama, umenifanyia nini?"

"Nimefanya nini?"

"Nimepata barua inanipongeza. Nikadhani matapeli, nikaifuta. Halafu nikaona neno Prom, nikaifuata kwenye takataka. Kiwanja kando ya mto, Mama! Wiki nzima baada ya Krismasi! Miaka kumi na tano nilikuwa ndani ya ukoo sijawahi kupata hata kiwanja cha nyuma ya vyoo!"

Glenys alicheka mpaka akakaa. Akacheka machozi yakamtoka, na Gavan naye huko baharini akacheka, na kwa dakika nzima hakuna aliyesema neno la maana. Kisha Gavan akaacha kucheka.

"Kerryn anajua?"

"Bado."

"Ala! Basi mimi simo. Mwambie wewe."

Na hapo ndipo penye mwiba. Sheria ya kura ile haina mjomba wala shangazi: kiwanja hakihamishiki. Mwenye jina lazima afike mwenyewe, aonyeshe kitambulisho, na akae. Asiyekuwepo na lake halipo. Bila Gavan hakuna kiwanja, bila kiwanja hakuna kambi, na bila kambi Imogen angekuwa mtoto wa kwanza wa ukoo kwenda Sealers kimya kimya kama anakwenda dukani.

Glenys alimwita Kerryn Jumamosi. Alioka keki ya nazi na chokoleti, anayoipenda, na Kerryn alipoiona tu akasimama mlangoni.

"Umefanya nini, Mama?"

"Kwani siwezi kuoka keki?"

"Hii uliioka ulipogonga gari langu. Umefanya nini?"

Akaambiwa. Jamani, acheni. Kerryn ni mwalimu wa hesabu, hana mazoea ya kupiga kelele, lakini siku ile jirani wa upande wa pili alizima mashine yake ya kukatia nyasi ili asikie vizuri.

"Wiki nzima! Mimi na yule mtu, tugawane kamba ya kuanikia taulo! Ulisahau kumfuta?"

Glenys angeweza kusema ndiyo, alisahau. Mtu wa miaka sabini na mbili anasamehewa kusahau. Alifungua kinywa aseme hivyo, na uongo ukagoma kutoka.

"Sikusahau. Nililiona jina nikaliacha."

"Kwa nini?"

"Kwenye orodha ile nimewahi kufuta jina moja tu, Kerryn. La baba yako. Nililifuta tulipotoka kumzika." Alikata kipande cha keki. "Gavan hajafa. Kidole changu kilikataa, basi. Nikanyongwe?"

Kerryn akatazama nje dirishani. Halafu akavuta sahani ya keki.

"Hajafa," alisema. "Na kuna siku nilimwombea afe."

"Najua."

"Maji yakishamwagika hayazoleki, Mama. Usije ukadhani unatupeleka porini tukarudiane."

"Nani amesema mrudiane? Mnakoroma wote wawili. Nataka mtu wa kugonga sufuria."

Kerryn alikula vipande vitatu kabla ya kujibu. Akakubali, lakini kwa masharti: hema la Gavan liwe mwisho kabisa wa kiwanja, asiguse jiko, na asimwite "mpenzi" hata kwa bahati mbaya. Glenys akayaandika yote nyuma ya bahasha, kwa uso wa hakimu. Kerryn alipotoka tu, mama yake alicheza dansi jikoni kwa goti lile lile bovu.

Kuanzia hapo ikawa raha ya mipango, na mimi sijaona mtu anayefaidi mipango kama Glenys. Wengine hufurahia safari, yeye hufurahia orodha. Kibali cha kulala kule ghubani alikipata. Nyama ya kusaga aliikaanga, akaikausha kwenye oveni usiku kucha mpaka ikawa kama changarawe, ili ipungue uzito. Nyumba nzima ilinuka kitunguu wiki mbili. Alichapisha jedwali la maji kupwa na kujaa, maana kijito cha Sealers hakivukiki ila maji yakiwa yametoka, na ukichelewa utakwama ng'ambo ya huku, na mahali pako pa kulala kuko kule. Alipiga hesabu: kupwa saa tisa alasiri, goti lake linataka saa tano njiani badala ya tatu, chakula cha mchana nusu saa. Waondoke saa tatu na nusu asubuhi. Akaipigia mstari mara tatu.

Jumapili ya pili ya Desemba akawaita wote kupima mizigo. Kondoo alikuwa kwenye oveni, mizani ya bafuni katikati ya sebule. Gavan alifika ameshika kofia kifuani kama mgeni wa msibani. Kerryn akamwambia habari, yeye akajibu nzuri, na kila mmoja akaenda kusimama kona yake. Rohan, ambaye Mungu hakumjalia haya, akawatazama akasema, "Haya, mnataka tupige kengele ya raundi ya kwanza?"

"Rohan, nyamaza," walisema wote wawili kwa pamoja, na hilo likawa jambo la kwanza walilokubaliana tangu talaka.

Imogen aliingia na shanta lake jipya. Aliinama mbele, mishipa ya shingo imemsimama, akalibwaga kwenye mizani mpaka vikombe vikalia kabatini.

"Kilo kumi na tisa," Rohan alisoma. "Mtoto mwenyewe ana ngapi?"

"Thelathini na nane," alisema Imogen, akihema.

Glenys akalifungua. Kikatoka kigodoro cha kulalia. Kikatoka kigodoro cha pili. Mifuko miwili ya kulalia. Taa mbili za kichwani. Visanduku viwili vya dawa, vyote vikubwa kutosha hospitali ndogo. Mapanga hapana, lakini visu viwili. Makoti mawili ya mvua, moja jekundu, moja la manjano. Kila kitu viwili viwili kama safina ya Nuhu.

Kumbe Kerryn amemnunulia mtoto kila kitu kwa upande wake, na Gavan amemnunulia kila kitu kwa upande wake, na hakuna aliyemuuliza mwenzake. Na Imogen, kwa kuogopa kumuudhi mmoja wao, amevibeba vyote.

Mtu angeweza kulia pale, na Gavan alikuwa karibu. Kerryn aliziba mdomo kwa mkono. Walikuwa wakitazama kitu kimoja: mtoto wao amesimama katikati ya vile vitu, mabega yana alama nyekundu za mikanda.

"Immy," alisema Gavan, "kwa nini hukusema?"

"Mngeuliza ni kipi kizuri zaidi," alisema mtoto.

Basi, walikaa chini. Mwalimu wa hesabu na mtu wa mtambo wa mafuta, wakapiga magoti kwenye zulia la Glenys, wakaanza kuchambua. Mwanzoni kwa adabu za ofisini: tafadhali, samahani, kama huna neno. Baada ya robo saa adabu ikaisha, na afadhali.

"Hiki kigodoro chako kinavuja, nakijua kwa kukitazama."

"Na hiki chako ni cha kulalia mbwa!"

"Taa yako ina betri nne. Anakwenda porini au anakwenda kuongoza meli?"

"Weka sabuni hiyo. Mtoto wa miaka kumi na miwili hajawahi kuoga porini tangu dunia iumbwe."

"Hilo," alisema Kerryn, akajikuta anacheka, "hilo ni kweli."

Glenys alikuwa jikoni anamwagia kondoo mafuta, mgongo kawapa, masikio kawaachia. Kila koti lililotupwa kando, roho yake ilizidi kuburudika. Shanta likashuka hadi kilo saba.

"Sasa la bibi," alisema Rohan.

"La bibi haliwahusu," alisema bibi.

Wakalipima. Kumi na nne. Hema la wawili, jiko la gesi, chungu, chakula cha wote, kama alivyobeba kwa wajukuu wanane. Daktari aliruhusu kumi. Hapo sasa wakamgeukia wote, na Kerryn na Gavan, waliokuwa wametoka kugombana kuhusu soksi, wakawa chama kimoja ghafla. Watamsindikiza hadi juu. Hapana, desturi. Rohan abebe hema alipeleke mbele arudi. Hapana, desturi. Basi asiende. Hapo Glenys aliweka kijiko chini polepole, na wote waliomjua wakarudi nyuma hatua moja.

"Nitabeba mimi," alisema Imogen.

Hakuna aliyemsikia, wakaendelea kubishana. Akaenda mwenyewe, akatoa hema na jiko kwenye shanta la bibi yake, akavisokomeza kwenye lake, akapanda nalo kwenye mizani. Akatoa uzito wake kwa kichwa, maana mama yake ni mwalimu. "Kumi na moja," alisema. "Ni chache kuliko mlizonibebesha nyie."

Waligeuka wakamtazama. Kisha wakaenda kula kondoo.

Siku yenyewe ilikuwa ya tarehe ishirini na tisa Desemba, jua safi. Kambi ilikuwa imeshasimama siku mbili kando ya mto. Hema la Gavan lilikuwa mwisho kabisa kama ilivyoandikwa kwenye bahasha, ila jiko alikuwa ameshaliteka siku ya kwanza, kwa kuwa hakuna mwingine anayejua kuchoma soseji bila kuziunguza, na Kerryn alizila akasema ana njaa tu. Saa tatu na nusu walikuwa maegeshoni. Wazazi wakasimama pembeni ya gari wakimpa mtoto maagizo, wote kwa wakati mmoja, yaliyo kinyume.

"Unywe maji kila nusu saa!"

"Usimalize maji mapema!"

"Wale wombati wachimba mashimo wakija usiku usifungue hema!"

"Chakula usikiweke hemani, wanachana turubai!"

Glenys aliwapa mgongo akaanza kutembea. Imogen akamfuata mbio, jiko la gesi likigongagonga ndani ya shanta. Njia ilipanda chini ya mikalitusi, goti likalalamika, Glenys akalinyamazisha kwa fimbo. Walipoizunguka kona ya kwanza sauti za wale wawili zilikuwa bado zinasikika, wanabishana sasa nani amesahau kumpaka mtoto mafuta ya jua.

"Watagombana mpaka kesho," alisema Imogen, lakini alikuwa anatabasamu.

"Angalau watakuwepo," alisema Glenys.

Wakapumzika penye upepo, juu kwenye mwanya wa milima, bahari ikaonekana upande wa pili. Imogen alimpa bibi yake maji, akakaa karibu naye.

"Bibi, mjomba Rohan ulimpeleka wewe?"

"Mimi na babu yako. Enzi hizo desturi ya bibi ilikuwa haijaanza."

"Na Mama?"

"Na mama yako. Alilia njia nzima, usimwambie nimekwambia."

"Na wewe ulipokuwa na miaka kumi na miwili, nani alikuleta?"

Glenys alikifunga kizibo cha chupa ya maji. Kwa miaka yote hiyo, wajukuu wanane, hakuna aliyewahi kumuuliza.

"Hakuna. Baba yangu alikuwa na ng'ombe sitini kijijini Fish Creek, na ng'ombe hawajui likizo, wanakamuliwa asubuhi na jioni mpaka siku ya Krismasi. Tulikuwa tunaiona milima hii tukiwa zizini. Nilikuwa nikiitazama nikikamua. Nilifika nina ishirini na minne, na mimba ya mjomba wako."

Imogen aliwaza. Alikaza mikanda ya shanta, akasimama, akatikisa mzigo ukae sawa. Kisha akamnyooshea bibi yake mkono.

"Basi twende, Bibi. Leo nakupeleka mimi."

Mwanamke aliyewaambia nusu ya wenye mashamba wa mkoa wa Gippsland kwamba maziwa yao yana maji aliinua uso akamtazama. Machozi yalimtoka, akayaacha yatoke, hapakuwa na wa kumficha. Akaushika ule mkono mdogo, akanyanyuka.

"Haya," alisema. "Nipeleke."